Hukumu iliyotolewa kwa kiapo cha uongo

Ndugu, nimekuelewa: hukuwahi kupokea samansi (wito wa mahakama), ulijua kuna kesi dalali wa mahakama alipokuja kuorodhesha mali yako hapo Nakuru, na ndani ya faili kuna kiapo cha mpeleka samansi kwamba ulitia sahihi kuipokea. Pole sana, hapo imedanganywa hata mahakama yenyewe.

Kwanza omba nakala ya faili katika masjala, kisha ukisome kiapo hicho cha mpeleka samansi neno kwa neno: tarehe, saa, mahali, na aliyekutambulisha kwake. Kama siku hiyo ulikuwa umelazwa hospitalini, karatasi za kulazwa ndizo ushahidi wako mkubwa.

Halafu wakili awasilishe, kwa hati ya dharura (ili lisikizwe haraka), ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu na kuitengua chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010, akiomba pia mpeleka samansi ahojiwe kwa kiapo, jambo ambalo Agizo la 5, kanuni ya 16, linaruhusu. Ambatisha rasimu ya utetezi, ingawa samansi isipofikishwa ni haki yako hukumu itenguliwe.

Usimlipe dalali chochote kabla ya kumwona wakili, maana malipo yanaweza kuchukuliwa kuwa umekubali deni. Tena usichelewe: kila wiki unayokaa kimya utatakiwa kuieleza mbele ya hakimu.