Maswali na majibu: Kisima kikishaingia kwenye ramani

Vijana walipita na GPS, wakapiga picha bomba letu, wakaondoka. Sasa bomba limekufa. Taarifa zile zilimfaa nani? (Mjumbe wa kamati ya maji, Bahi)

Mzee wangu, uchungu wako una haki. Wizara ya Maji ilikusanya taarifa za vituo vya maji nchi nzima, na baadhi zikawekwa hadharani kwa shindano la wachambuzi wa data, watabiri bomba lipi litaharibika. Katika vituo 59,400 ambavyo hali yake ilitajwa, 22,824 havikuwa vikitoa maji na 4,317 vilihitaji matengenezo. Humo mna aina ya pampu, mwaka wa ujenzi, nani anasimamia, wananchi wanachangiaje. Mhandisi akizisoma vizuri anajua spea zitangulie wapi.

Ila taarifa zilipanda juu, kijijini hazikurudi. Bomba likiandikwa zima leo likafa kesho, ramani itaendelea kusema ni zima. Ninyi ndio mnaojua asubuhi hii ndoo zimejaa au la. Andikeni tarehe lilipokufa na kifaa kilichoharibika, mpeleke RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, nakala ibaki kwenu. Na kama mna kisima, pimeni kina cha maji kila mwezi. Pale Makutupora, karibu na Dodoma mjini, watu walianza kupima tangu miaka ya 1950. Rekodi yao ilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013, ilionekana kuwa maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mingi ikiambatana na El Niño. Maji hayo ndiyo yanayonywewa Dodoma mjini. Daftari la miaka 55, fikiria!

Nasikia "mfumo ikolojia wa data". Ni kitu gani? (Mwanafunzi, Dodoma)

Chukua lambo la kijiji. Huyu ananyweshea ng'ombe, yule anafyatulia tofali, mwingine anamwagilia mchicha, na wapo wanaopanga zamu na kuzoa tope. Data za mahali nazo zina wakusanyaji, watunzaji, watumiaji na masharti baina yao. Tofauti ni kwamba data hazipungui kwa kuchotwa.

Naendesha bodaboda Nkuhungu. Njia nyingi za mtaani hazipo kwenye ramani ya simu. Naweza kuziweka? (Dereva)

Unaweza, ndugu yangu. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, inamruhusu yeyote kuongeza na kusahihisha. Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi waliitumia kwenye mradi wa Ramani Huria kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Anza na korongo lisilopitika mvua ikinyesha. Gari la wagonjwa litakushukuru. Usinakili tu ramani ya kampuni nyingine, leseni hairuhusu.

Nalima zabibu Mpunguzi. Naombwa mipaka ya shamba, jina na namba ya simu. Nikubali? (Mkulima)

Dada, shamba lenyewe linaonekana tayari: picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake huonyesha eneo dogo la hadi mita 10 kwa 10, hutolewa bure. Jina na simu ni habari nyingine. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muulize huyo anayekuomba zinakwenda kufanya kazi gani, nani atazitunza, na wewe utaletewa nini, ushauri wa magonjwa ya mizabibu au soko. Akishindwa kujibu, mipaka na namba zibaki kwako mpaka arudi na majibu.