Ukicheza chesi kwa WhatsApp, usijibu usiku

Mimi na Mwalimu mmoja mstaafu wa Kakamega tunacheza chesi kwa WhatsApp. Akituma hatua, mimi huku Kisumu naipanga kwenye ubao ulio juu ya friji, naitafakari, najibu kesho au keshokutwa. Tumeafikiana siku tatu kwa kila hatua, na ikishatumwa haifutwi, hata kama tiki bado ni moja.

Kwa wapenda ufunguzi (hatua za kwanza za mchezo) wa moto, wa kushambuliana mapema, hapa ndipo mahali pake. Chukua ule uitwao Farasi Wawili (herufi na namba ni majina ya miraba ya ubao): farasi mweupe anaruka hadi g5, yeye na askofu wa c4 wanalenga f7, mweusi anajibu d5 na askari huyo analiwa. Wengi hapo hulipiza haraka kwa farasi. Mweupe naye anatoa farasi wake sadaka pale f7, na mfalme mweusi anaburutwa hadi katikati ya ubao. Mimi, nikiwa mweusi, badala yake husukuma askari b5. Mwalimu akarudisha askofu f1, nyumbani kabisa! Ukiiona mara ya kwanza utacheka, lakini ndiyo hatua bora: inalinda g2, na malkia wangu akila d5, farasi wake wa pili anatoka hadi c3 kumfukuza.

Hatua ya aina hiyo huioni ukiwa umechoka na chajio kinapoa. Tafuta daftari la shule, andika hatua unayoitaka, chini yake jibu linaloweza kukuumiza zaidi, kisha ulale. Asubuhi ukiwa bado unaipenda, tuma. Tena watoto wakivuruga ubao, daftari litakusaidia kuupanga upya.

Suala la kompyuta limalizeni kabla ya hatua ya kwanza. ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua, linaruhusu injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi. Lichess, tovuti ya chesi, kwenye michezo ya aina hii ya polepole inaruhusu vitabu vya ufunguzi, injini hapana. Sisi tumekubaliana vitabu tu. Nikitaka kupigwa na mashine, namsumbulia nini Mwalimu?

Halafu tafuta mchezo wa Estrin na Berliner, ubingwa wa 5 wa dunia kwa barua, 1965–68. Ni b5 ile ile, f1 ile ile. Berliner, Mmarekani aliyeshika weusi, ndiye aliyeshinda. Upange hatua moja moja hadi farasi wake aliwe d4, ufunike linalofuata, ubahatishe. Utatafuta shambulizi la kelele. Yeye alisogeza askofu d6 tu.