Ukienda kliniki ya macho, beba na picha ya kichwa

Baba alipopata kiharusi, mkono na mguu vilirudi upesi kuliko tulivyotegemea. Kilichobaki ni kujigonga kwenye miimo ya milango, kila mara kulia. Tukasema ni jicho la kulia. Hata yeye aliamini hivyo, mpaka alipozibwa jicho hilo na bado kwa jicho la kushoto upande uleule ukawa haupo.

Picha tunazoziona husomwa na ubongo wa kisogoni, na ubongo wa kushoto husoma upande wa kulia kutoka macho yote mawili. Hapo ndipo kiharusi kilipopiga. Macho yenyewe yalikuwa mazima, wakati huo.

Miezi 10 baadaye tulimpeleka kliniki nyingine. Mashine ikaonyesha tabaka moja la retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, limekonda kama linavyokonda kwa presha ya macho (glaukoma), na tukaandikiwa matone yake. Hatukuulizwa habari za kichwa, nasi hatukusema. Bahasha ya CT scan, picha ya kichwa, ilikuwa nyumbani juu ya kabati. Mzee akaweka matone yanayowasha kwa miezi 4.

Daktari wa pili alipima uwanda wa kuona, yaani eneo lote ambalo kila jicho huliona bila kugeuka, akatuonyesha karatasi: giza limekatwa wima katikati, kama kwa rula, kwa kila jicho. Presha ya macho haina kawaida ya kukata hivyo. Mapengo yake huanzia juu au chini ya mstari wa mlalo. Akaomba picha ya kichwa. Nyuzi za retina, alisema, huishia kwenye kituo ndani ya ubongo, na hapo seli nyingine huupokea ujumbe na kuufikisha kisogoni. Hizi za pili zikifa, zile za kwanza hukosa wa kumpelekea, zikaanza kunyauka polepole, miezi kadhaa, hadi kwenye retina. Kwa Baba ni nusu ya kushoto ya kila retina, ile inayotazama kulia. Si ugonjwa mpya, wala hakuna dawa ya kuurudisha unene huo.

Msiache matone kwa kusoma habari yangu, lakini. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na presha ya macho ya Baba bado inapimwa. Gari tulimnyang'anya, na ugomvi wake ulikuwa mkubwa kuliko wa matone.

Gazeti sasa analizungusha robo kuelekea kulia. Maneno yanashuka wima, na mstari unaofuata unamkuta kushoto, anakoona.