Simu inajua ulipo, kwa nini bado mnaniuliza?

Mkuu, umeuliza kwa nini mpokeaji wa simu za dharura bado anahangaika na "uko wapi?" wakati simu za sasa zinatuma zenyewe mahali ulipo. Niko kwenye kazi hii tangu enzi za kutegemea mnara, ngoja nieleze.

Enzi zile tulichopata ni eneo la mnara uliobeba simu yako. Mjini ni mitaa kadhaa, porini ni kilomita na kilomita. Mpigaji akizimia katikati ya maelezo, gari la wagonjwa linabaki kuzunguka. Kilichogeuza mambo ni AML (Advanced Mobile Location), mfumo wa simu kutuma mahali ilipo, ulioanzia Uingereza mwaka 2014. Ukipiga namba ya dharura, simu inajiwashia GPS na Wi-Fi, inapima ulipo, kisha inatuma ujumbe kimyakimya kwenye kituo cha kupokea simu za dharura. Android iliupokea 2016, iPhone 2018. Hupakui programu yoyote. Ila kama kituo na kampuni za simu hazijauunganisha, hata simu ya bei mbaya haitasaidia.

Sasa, nukta kwenye ramani haisemi uko ghorofa ya ngapi wala mlango upi uko wazi. Na ikikosea, maelezo yako ndiyo yanayotuokoa. Halafu watu hukasirika wakidhani maswali yanachelewesha gari. Kwenye vituo vingi anayeuliza na anayetuma magari ni watu wawili. Wewe unajibu, gari liko njiani.

Kinachotuchosha kweli ni vifaa vinavyopiga vyenyewe. iPhone 14 ilipotoka 2022, simu za watu wanaoteleza kwenye theluji huko Marekani zilikuwa zikipiga 911, namba ya dharura ya huko, zikidhani kuna ajali. Mwaka uliofuata Uingereza ikafurika simu za 999, namba yao ya dharura, kutoka Android zilizobonyezwa mfukoni. Ikikutokea, usikate! Sema tu ni bahati mbaya. Ukikata, inabidi tukutafute tujue kama uko salama, na kuna mwingine kwenye foleni.

Akili unde nayo imeshajaribiwa. Copenhagen waliweka mashine isikilize simu na kumwonya mpokeaji ikihisi moyo wa mgonjwa umesimama. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba waliopewa onyo hawakuwagundua wagonjwa hao kwa kiwango kikubwa kuliko wasiopewa. Binafsi sikushangaa. Kushuku ni hatua moja. Kumtuliza anayepiga kelele mpaka atazame kama mgonjwa anapumua, kisha akubali kumkandamiza kifua, bado ni kazi ya sauti ya mtu.