Uliza Mwalimu: Binti yangu asome shule ya wasichana au ya mchanganyiko?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mchare na ndizi mbivu soko la Kiboriloni. Binti yangu wa kwanza amefaulu darasa la saba, amechaguliwa shule ya kata, ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja. Ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Shangazi yake anasema huko ataharibika. Anataka nimpeleke shule binafsi ya wasichana ya bweni, kwa kuwa wasichana wakiwa peke yao wanafaulu zaidi, hasa sayansi. Ada hiyo itanilazimu nikope vikoba na kuuza ng'ombe wetu wa maziwa. Mtoto mwenyewe anapenda mambo ya umeme. Ameshaifungua redio ya babu yake mara mbili, akairudisha na ikaimba. Nifanye nini?
Mama wa Kiboriloni, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe binti hongera zangu, na babu naye, kwa kumwachia ile redio.

Nimefundisha fizikia miaka 34. Kumi na mmoja ya mwanzo nilikuwa shule ya wasichana ya bweni hapa Kilimanjaro, iliyobaki nilikuwa shule ya mchanganyiko Arusha. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kote kuwili.

Siku moja mwaka 2009, kule Arusha, tulikuwa na kipindi cha vitendo. Vikundi vinane, watoto sita sita, na kila kikundi kina betri mbili, balbu, nyaya na amita moja, kile kifaa cha kupimia mkondo wa umeme. Nikaenda kusimama nyuma ya maabara, nikatazama mikono tu. Katika vikundi saba, mkono uliokuwa kwenye nyaya ni wa mvulana, na ulioshika kalamu ni wa msichana. Wasichana wangu walikuwa makarani. Jedwali limepigwa rula vizuri, hati safi, lakini amita hawajaigusa. Hakuna aliyewakataza. Ndivyo walivyozoea kugawana kazi, na mimi, mwanamke mwenzao, nilikuwa nalipita jambo hilo kila wiki bila kuliona. Liliniuma sana.

Tangu siku hiyo niliweka zamu: kila dakika kumi mikono inabadilishana, na wa kwanza kushika amita ni msichana. Wavulana walinung'unika kama wiki mbili hivi, kisha wakazoea. Kabla muhula haujaisha, binti mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha kidole darasani alinijia na pasi mbovu ya kwao ndani ya mfuko wa rambo, anataka tutafute pamoja waya uliokatika.

Katika shule ya wasichana zamu hiyo haikuhitajika. Hapakuwa na wa kuwapokonya kifaa. Wao ndio waliounganisha, wao ndio waliounguza balbu, wao ndio waliobeba meza na kupanda juu ya ngazi. Hapo shangazi ana hoja, na siibezi hata kidogo. Lakini shule hiyohiyo, nilipokwenda masomoni mwaka mzima, haikupata mwalimu wa kushika nafasi yangu. Wasichana wa kidato cha tatu wakaambiwa wachukue masomo ya sanaa. Ukuta upo, mlinzi yupo getini, fizikia hakuna. Kuna niliowajua kwa majina ambao ndoto zao za uhandisi ziliishia pale.

Watafiti nao wamelipima dai hilo la shangazi. Mwaka 2014 Erin Pahlke na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 184 zilizohusu wanafunzi wapatao milioni 1.6 wa nchi 21. Zile tafiti zilizolinganisha watoto wanaolingana kweli, kwa hali ya nyumbani na alama walizoingia nazo, zilionyesha kwamba kutenganisha wasichana na wavulana kuna faida ndogo mno, au hakuna kabisa. Kuna mahali matokeo yalikuwa tofauti: Seoul, Korea Kusini, ambako watoto walikuwa wakipangiwa shule kwa bahati nasibu, waliosoma shule za jinsia moja walifanya vizuri zaidi mitihani ya kuingia chuo kikuu. Kwa hiyo silikatai moja kwa moja. Ila huku kwetu, shule binafsi nyingi huchuja watoto kwa usaili kabla ya kuwapokea. Ukichagua mbegu, shamba litasifiwa. Hata Weruweru yetu hapa Moshi, iliyoongozwa miaka mingi na Mama Maria Kamm, haikupata jina kwa sababu ya kukosa wavulana. Ilikuwa na mkuu aliyeamini wale mabinti wanaweza, na akawadai.

Sasa hofu ya shangazi. Kwa miaka yote hiyo, aliyewaharibia wanafunzi wangu wengi hakuwa mvulana wa dawati la nyuma. Alikuwa mtu mzima mwenye pikipiki, anayetoa lifti na hela ya chipsi. Na wasichana wa bweni waliopata mimba, waliipata likizo. Tangu mwaka 2016 sheria inampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nashukuru kwa yote mawili, maana nimewaona wengi wakifungashiwa virago. Lakini ile saa nzima ya barabarani inanitisha kuliko wavulana wa darasani. Tafuta wazazi wa mtaani kwenu wenye mabinti shule hiyo, watoke pamoja alfajiri na warudi pamoja. Kama kuna ndugu anayekaa jirani na shule, kaa naye uongee.

Ng'ombe usimuuze kwanza. Maziwa yake ni madaftari ya watoto wote watatu. Nenda shule zote mbili siku ya kazi, si siku ya kikao cha wazazi. Ingia choo cha wasichana: kina maji, kina komeo? Binti akiwa kwenye siku zake na choo hakifungi, atabaki nyumbani, na vipindi havimsubiri. Uliza nani anafagia madarasa jioni wakati wavulana wako uwanjani. Uliza kama mwalimu wa fizikia yupo kweli, na wasichana wangapi wa kidato cha nne wanasoma somo hilo.

Ukiona ya kata ina mwalimu, na barabara mmeipatia ufumbuzi, mpeleke huko kwa moyo mweupe. Ukikuta fizikia iko kwenye ile shule ya bweni tu na ya kata haina, hapo ndipo tuzungumze habari ya ng'ombe, na binti awepo kwenye mazungumzo hayo.

Jambo moja usilisahau ukiwa huko. Mwite msichana yeyote wa kidato cha tatu, mwombe akuonyeshe amita inakaa kabati gani. Kisha niandikie alikupeleka moja kwa moja au alikwenda kumuuliza mvulana.