Kuzama kwa uma wa mbele wakati wa breki

Wapo wanaodai kwamba uma wa mikono yenye viungo, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele kwa mikono midogo inayozunguka kwenye viungo, ni bora kwa baiskeli ya milimani, na kwamba wanaoutilia shaka wanang'ang'ania mazoea tu. Ni kweli kwamba uma huo hauzami sana, yaani haubonyei na kushusha sehemu ya mbele, baiskeli inapofungwa breki, lakini hilo pekee halitoshi kuthibitisha dai hilo. Katika uma wa kawaida, wenye mirija inayoingiliana, uzito unaohamia mbele hubonyeza springi, ilhali mikono inaweza kupangwa ili nguvu ya breki yenyewe ipinge kubonyea huko. Tatizo ni kwamba kila kiungo kina beringi au bushi yake, na ulegevu mdogo sana katika viungo kadhaa hujumlika hadi mwendeshaji akauhisi kwenye usukani. Zaidi ya hayo, kuna waendeshaji wanaoutegemea mzamo huo kwa kiasi, kwa sababu sehemu ya mbele ikishuka kidogo, pembe ya usukani husimama zaidi na kona kali huwa rahisi kukatwa.

Trust Message, uma wa mikono yenye viungo wa kampuni ya Trust uliotoka mwaka 2018 ukiwa na mwendo wa kubonyea wa milimita 130, ulikuwa jaribio la dhati, lakini bei yake ilikuwa takribani dola 2,700 na kampuni ilisimamisha shughuli mwaka 2020. Tahadhari moja: Lefty, aina ya uma ya kampuni ya Cannondale, isiwekwe katika kundi hili la uma za mikono, kwa kuwa, ingawa ina mguu mmoja tu, kiini chake bado ni mirija inayoingiliana, nayo imedumu kwa zaidi ya miaka 20.