Klorini 35.5: hiyo nusu imetoka wapi?

SWALI: Jedwali la elementi linasema tungamo la atomi ya klorini ni 35.5. Protoni zake ni 17, kwa hiyo nyutroni ni 18 na nusu. Nyutroni inagawanyikaje?

JIBU: Haigawanyiki. Ungezipima atomi za klorini moja moja, usingeipata hata moja yenye 35.5. Kiasili zipo za aina mbili: klorini-35, yenye nyutroni 18, na klorini-37, yenye nyutroni 20. Zote zina protoni 17, na hizo ndizo zinazoifanya klorini iwe klorini. Elektroni nazo ni 17 kwa kila moja, ndiyo maana zote huungana na sodiamu kwa namna ile ile. Atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa nyutroni tu ndizo tunazoziita isotopu.

Hiyo 35.5 ni wastani, na hapa wengi huteleza: hujumlisha 35 na 37, hugawa kwa 2, wakapata 36. Ingekuwa sawa kama isotopu hizo zingelingana kwa wingi. Lakini katika kila atomi 10,000 za klorini, kama 7,577 ni klorini-35 na 2,423 ni klorini-37. Kila tungamo lizidishwe kwanza kwa sehemu yake:

35 × 0.7577 = 26.5195
37 × 0.2423 = 8.9651

Jumla ni 35.4846, ambayo kwa kukadiria ni 35.5. Jedwali lenye desimali mbili litakuonyesha 35.45, si 35.48. Pengo hilo dogo lina sababu, na swali linalofuata limeigusa.

SWALI: Shaba ina isotopu mbili, 63 na 65, na wastani wake ni 63.55. Nimekokotoa nikapata shaba-63 ni asilimia 72.5, lakini kitabu kinasema 69. Nimekosea wapi?

JIBU: Aljebra yako ni safi. Bila shaka uliandika 63x + 65(1 − x) = 63.55, na x inatoka 0.725 kweli. Shida iko kwenye hizo 63 na 65. Hizo ni namba za tungamo, yaani idadi ya protoni na nyutroni zilizomo kwenye kiini, na kuhesabu chembe si kuzipima. Kwa kipimo ambacho kaboni-12 ni 12 kamili, shaba-63 ina 62.93 na shaba-65 ina 64.93. Chembe za kiini zinaposhikamana hutoa nishati, na nishati hiyo huondoka na kiasi kidogo cha tungamo. Kiini cha shaba kimeshikamana kwa nguvu kuliko cha kaboni, basi kinaangukia chini kidogo ya namba nzima.

Rudia ukitumia tungamo zilizopimwa:

(64.93 − 63.55) ÷ (64.93 − 62.93) = 1.38 ÷ 2.00 = 0.69

Hiyo ndiyo asilimia 69 ya kitabu. Tazama jinsi kosa lilivyokua: 0.07 tu, lakini limegawanywa kwa 2, pengo lililopo kati ya isotopu hizo, likawa 0.035, yaani asilimia 3.5 nzima. Ukitafuta wastani kutoka kwenye asilimia, namba nzima hazikuumizi sana. Ukirudi nyuma, kutoka kwenye wastani kutafuta asilimia, zinakuangusha.

SWALI: Mbona argoni (39.95) imetangulia potasiamu (39.10) wakati ni nzito zaidi?

JIBU: Jedwali hupangwa kwa protoni: argoni 18, potasiamu 19. Uzito ni suala la isotopu ipi imejaa. Argoni ya hewani ni argoni-40 kwa asilimia 99.6, na potasiamu ni potasiamu-39 kwa asilimia 93. Tena argoni-40 hiyo karibu yote imezaliwa na potasiamu yenyewe: potasiamu-40, atomi kama 12 katika kila 100,000, huoza taratibu ndani ya miamba, na takriban moja kati ya kila tisa zinazooza hugeuka argoni.